UZI: Lobedi, nusu-lobedi au tela la ngazi moja? Mzigo wa kimo kirefu na uzito mkubwa, tusaidiane kupima

Mhimili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya watu waliozoea mizigo isiyo ya kawaida. Nina kichwa (gari la kuvuta) cha ekseli tatu, sasa natafuta tela la kuvutwa nacho. Kazi zilizo mbele yangu ni hizi: boila yenye kimo cha mita 3.35, urefu mita 6.8 na uzito tani 26. Kijiko cha tani 22 ambacho mkono ukikunjwa kinasimama mita 3.0, na mara mojamoja roli la kushindilia barabara. Njia zangu zimewekewa kikomo cha mita 4.3 kutoka ardhini hadi juu ya mzigo.

Tela la kawaida kitanda chake kiko karibu mita 1.5 juu. Boila ingefika 4.85, hapo hakuna mjadala. Nimeelekeza macho kwenye lobedi ya kuzama, ile ambayo kitanda kiko sentimita 55 kutoka ardhini, kati ya shingo (sehemu ya mbele inayounganisha tela na kichwa) na ekseli. Boila itafika 3.90 na nitabaki na nafasi ya kutosha. Kuna ambao wananishauri tela la ngazi moja. Tuchambue kabla sijatoa fedha.

Kingpini

Mkuu Mhimili, umeuliza vizuri kwa sababu umeleta vipimo. Wengi huja na jina la mashine tu.

Nianze na hesabu moja rahisi. Chukua kikomo cha njia, toa kimo cha mzigo, toa tena sentimita 10 za usalama kwa ajili ya kurukaruka kwa springi na lami iliyoongezwa juu ya nyingine chini ya madaraja. Kinachobaki ndicho kimo cha kitanda unachokihitaji. Kwako ni 4.3 kutoa 3.35 kutoa 0.10, yaani sentimita 85. Lobedi ya 55 inashuka sentimita 30 zaidi ya haja yako, na sentimita hizo hazitolewi bure. Utazilipia kwa urefu wa kitanda, kwa nafasi chini ya tumbo na kwa uzito wa tela lenyewe.

Tela la ngazi moja lina sehemu ya mbele iliyo juu ya sahani ya kichwa (pale tela linapokaa na kufungwa), urefu wa mita 3 na kidogo, halafu linashuka, na mshuko huo ndio ngazi yenyewe, hadi karibu mita 1.0 na kwenda hivyo hivyo mpaka nyuma, juu ya ekseli zake. Kitanda kile cha chini kinaweza kufika mita 11 hadi 13. Lobedi ya kuzama inabadili kimo mara mbili: mbele inashuka kwenye shingo, na nyuma inapanda tena kupita juu ya matairi. Kitanda kilicho chini kabisa kinabaki mita 7.5 hadi 9 kwenye matela mengi. Boila yako ya 6.8 itaingia, lakini haitakuwa na pa kusogea. Na kusogea ndiko kunakookoa ekseli.

Mhimili

Mkuu Kingpini, hapo kwenye kusogea naomba ufafanuzi. Mimi nilidhani mzigo ukishakaa katikati ya kitanda kazi imekwisha.

DadaWaMizani

Niingie hapo, maana watu wengi hukwama mizanini kwa sababu hiyo hiyo. Gari linakuwa halijazidisha uzito wa jumla hata kilo moja, ila kundi moja la ekseli limezidi na jingine lina nafasi tele.

Tela ni mhimili wenye nguzo mbili: pini ya mbele inayokaa kwenye sahani ya kichwa, na katikati ya kundi la ekseli za nyuma. Tuseme kati ya nguzo hizo kuna mita 8. Kitovu cha uzito cha boila, yaani pale uzito wake unapolingana pande zote, kikiwa mita 5 nyuma ya pini, ekseli za tela zinabeba 26 × 5 ÷ 8, yaani tani 16.25, na zilizobaki 9.75 zinaenda kwenye kichwa. Ukiisogeza boila nusu mita tu, tani 1.6 zinahama kutoka nguzo moja kwenda nyingine. Nusu mita! Sasa mzigo ukiwa kwenye kitanda kilichobanwa mbele na nyuma, utausogezea wapi?

Tuifanye hesabu kwa tela la ngazi moja. Tuchukulie kitanda cha chini kinaanza mita 2.5 nyuma ya pini. Boila ikigusa ngazi na kitovu kikiwa katikati ya urefu wake, yaani mita 3.4 kutoka mwanzo, kitovu kitakuwa mita 5.9 nyuma ya pini. Ekseli zinapata tani 19.2 za mzigo. Ongeza sehemu ya uzito wa tela lenyewe inayokaa kwenye ekseli, tuseme tani 5. Jumla 24.2. Ulaya, kwa mfano, ekseli tatu zilizopangwa kwa umbali wa zaidi ya mita 1.3 hadi 1.4 zinaruhusiwa tani 24. Tayari umezidi, na boila imesogezwa mbele mpaka mwisho.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwako, kaka, ni hili: kitovu cha uzito cha hiyo boila kiko wapi hasa? Usikubali jibu la "katikati". Boila ina upande wenye kichomeo na sahani nene za chuma, na upande mwingine mwepesi. Mtengenezaji anao mchoro, na mara nyingi sehemu za kunyanyulia zimewekwa kwa kufuata kitovu hicho. Omba mchoro.

ReliNaDaraja

Dada ameeleza vyema. Mimi nataka kuzungumzia tumbo la tela, kwa sababu ndilo linalosahaulika wakati wa kununua na linakumbukwa barabarani.

Chukua lobedi yenye sentimita 15 kati ya tumbo na lami, na mita 12 kutoka matairi ya nyuma ya kichwa hadi ekseli za tela. Ipandishe kwenye kilele cha barabara, pale mlima unapoisha na mteremko unapoanza. Kilele kikiwa katikati ya zile mita 12, kila upande una mita 6. Sentimita 15 kugawanya kwa mita 6 ni asilimia 2.5. Maana yake mlima wa asilimia 2.5 ukikutana ghafla na mteremko wa asilimia 2.5, chuma kinagusa ardhi. Hiyo miinuko hata jicho haliioni vizuri! Barabara iliyojengwa vizuri huulainisha mkunjo wa kilele, lakini kwenye kivuko cha reli, mlango wa kiwanda, tuta la kupunguza mwendo au ngazi ya kuingilia kivuko cha majini, hakuna aliyekulainishia kitu.

Kivuko cha reli kinanigusa zaidi. Tarehe 6 Januari 1968 huko Hixon, Uingereza, gari refu la mita 45 lililobeba transfoma ya tani 120 lilikuwa likivuka reli polepole, mwendo wa kama kilomita 3 kwa saa. Kivuko kilikuwa cha kujiendesha, na kuanzia taa za tahadhari kuwaka hadi treni kufika zilikuwa sekunde 24. Gari lile lilihitaji karibu dakika nzima kumaliza kuvuka. Treni ya abiria ikaligonga na watu 11 wakafa. Palikuwa na simu ya kumpigia mlinzi wa ishara kabla ya kuvuka, nayo haikupigwa. Gari lile halikukwama. Lilikuwa refu na la polepole tu. Sasa fikiria lobedi ambayo tumbo lake limekaa juu ya reli na matairi yananing'inia.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua kimo cha kitanda, tembea njia yako na rula, uchukue vipimo vya vilele kama unavyochukua vya madaraja.

FundiChasisi

Naunga mkono, na naongeza kwamba lobedi nzuri ina shingo ya haidroliki inayoweza kuinua sehemu ya mbele ya kitanda ukifika pagumu. Kwenye kilele unanyanyua, ukivuka unashusha. Lakini ukinyanyua mbele, mzigo nao unapanda. Hakikisha hakuna waya juu yako wakati huo.

Shingo ziko aina mbili kuu. Ya kudumu imeunganishwa moja kwa moja na kitanda, ni nyepesi na haina mambo mengi, lakini mashine lazima ipakiwe kwa nyuma au kwa winchi ya juu. Ya kuchomoka inatengana na kitanda: unasogeza kichwa mbele pamoja na shingo, kitanda kinalala chini na mashine inapanda kwa mbele karibu bila mlima. Kwa roli la kushindilia hiyo ni raha kubwa. Inahitaji tu eneo tambarare na gumu, maana kwenye udongo laini kitanda kinazama na kuunganisha tena ni jasho.

Tela la ngazi moja lenye kitanda cha mita 1.0 na ngazi za kupandia za mita 3 linakupa mlima wa digrii 19 hivi. Kijiko kinapanda kwa sababu kina minyororo ya kutembelea na mkono wa kujisaidia. Roli lenye ngoma laini ya chuma juu ya ngazi ya chuma, tena mvua imenyesha, ni hatari tupu. Ngazi za mita 5 zinashusha mlima hadi kama digrii 11 na nusu. Zichague zenye mbao ngumu au mpira juu yake, na hata kwa kijiko usipandishe chuma juu ya chuma kitupu.

MsafiriMzito

Wakuu, mimi natofautiana nanyi kidogo. Mnamwelekeza kununua tela la kazi tatu alizozitaja, wakati tela linaishi miaka mingi. Kesho ataletewa kijiko cha tani 35, kimo kama mita 3.4. Kwenye kitanda cha mita 1.0 kinafika 4.4, amekwisha pita kikomo. Akiwa na lobedi ya 55 anakibeba kwa 3.95 na kazi inaendelea. Mimi nanunua uwezo wa kesho.

Kingpini

Mkuu MsafiriMzito, hoja yako naiheshimu, ila tazama upande wa pili. Lobedi ya ekseli tatu yenye uwezo huo inaweza kuzidi tela la ngazi moja kwa tani kadhaa ikiwa tupu, na kila safari ya kawaida utabeba chuma hicho badala ya mzigo. Kisha mizigo ya kawaida, mabomba, mbao, marobota, haikai vizuri kwenye kitanda kilichozama, kwa sababu juu ya ekseli na juu ya shingo ni vimo vingine. Lobedi ikikosa mashine inasimama. Tela la ngazi moja linabeba mashine leo na mabomba kesho.

Halafu kuna jambo la uwezo ulioandikwa. Ukiambiwa lobedi inabeba tani 40, uliza: tani 40 zilizotandazwa kitanda kizima, au zilizokaa kwenye mita 3? Kijiko cha minyororo kinatandaza uzito. Transfoma au mashine ya kusaga mawe inakaa kwenye miguu minne iliyokaribiana, na mihimili ya kitanda inapinda kwa mzigo ambao kwa maandishi inaumudu. Mtengenezaji mwaminifu atakupa tarakimu zote mbili. Asiyekuwa nayo ya pili, mimi humwacha.

MsafiriMzito

Hapo kwenye uwezo uliokaa sehemu fupi nakubali kabisa, na watu wasome mara mbili. Kwa kijiko cha tani 35 bado nasimama na langu, labda kama akikipata mara chache akodi lobedi ya mtu.

DadaWaMizani

Kuna aina ya kati ambayo haijatajwa, nusu-lobedi. Kitanda chake hakizami, kinapita juu ya matairi, lakini matairi ni madogo na chasisi ni nyembamba, kwa hiyo kinakaa sentimita 85 hadi 90. Kinakaribia kimo ambacho hesabu ya Kingpini ilitoa. Kitanda ni kirefu bila mwisho wa nyuma kupanda, na matela mengi ya aina hii yana ekseli za nyuma zinazojipinda kufuata kona, jambo linaloyaokoa matairi yasisuguliwe.

Lakini Mhimili, kabla ya nusu-lobedi, rudi kwenye boila. Hiyo 3.35 imepimwa na nini juu yake na nini chini yake?

ReliNaDaraja

Dada umegusa penyewe. Mzigo mrefu mara nyingi ni mrefu kwa sababu ya kitu kimoja kidogo: bomba la moshi, vali ya usalama, shingo ya tundu la ukaguzi, taa ya tahadhari, reli ya kushikilia. Kufungua boliti ni rahisi kuliko kununua tela jingine.

Na ukipima, pima ukiwa umeshapakia, mifuko ya hewa ya springi ikiwa imejaa kama itakavyokuwa safarini. Pima sehemu zote za juu, hata ile unayoiona fupi, kwa sababu mzigo ukikaa kwa kuinama upande mmoja unapanda.

Daraja nalo lina umbo lake. Mei 2013, katika jimbo la Washington, Marekani, gari lililobeba mzigo mkubwa liligonga vyuma vya juu vya daraja la mto Skagit, na kipande kizima cha daraja kikaanguka majini. Lilikuwa na kibali na gari la kusindikiza mbele. Uwazi wa daraja lile ulikuwa umepinda kama tao, katikati juu na pembeni chini, na gari lilipita njia ya pembeni. Namba moja ya kimo haitoshi kwa daraja kama hilo. Unahitaji kimo cha mahali tairi zako zitakapopita.

Mhimili

Wakuu, nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa nafuatilia mchoro. Mtengenezaji ameutuma.

Kile kimo cha 3.35 kinahesabu mihimili ya mbao ya chini pamoja na shingo ya tundu la ukaguzi juu yenye sentimita 25, ambayo inafunguka na kufungwa kwa kifuniko bapa. Bila shingo hiyo boila ni mita 3.10. Kitovu cha uzito kiko mita 3.1 kutoka upande wa kichomeo.

Kwa hiyo kwenye kitanda cha mita 1.0 inafika 4.10, na ninabaki na sentimita 20 chini ya kikomo. Kijiko kitafika 4.0. Nimeanza kuona tela la ngazi moja linatosha bila hata nusu-lobedi. Dada, naomba unihakikishie upande wa ekseli.

DadaWaMizani

Safi sana, kaka. Upande wa kichomeo utangulie mbele uguse ngazi. Kitovu kinakuwa 2.5 jumlisha 3.1, yaani 5.6 nyuma ya pini. 26 × 5.6 ÷ 8 ni tani 18.2. Ongeza 5 za tela, 23.2. Umeingia.

Sasa ona ukiigeuza. Upande mwepesi ukitangulia, kitovu kinakwenda 3.7 kutoka mwanzo, yaani 6.2 nyuma ya pini. Ekseli zinapata 20.15 na tani 5, jumla 25.15. Boila ile ile, tela lile lile, sentimita zile zile za kitanda, na umezidi kwa zaidi ya tani. Mwandikie mwenye winchi kabisa kwenye karatasi upande upi utangulie, kwa sababu ikishakaa hakuna atakayetaka kuinyanyua tena.

Vipimo vya 8 na 2.5 nilivitumia kwa mfano. Tela utakalolichagua liwe na vipimo vyake halisi, upige hesabu upya.

FundiChasisi

Kuhusu roli, chukua ngazi za mita 5 zinazokunjwa mara mbili. Usikubali fupi.

Na matairi, kwa kuwa kitanda cha mita 1.0 mara nyingi kinakuja na matairi madogo. Tairi la 315/80R22.5 lina kipenyo cha karibu mita 1.08. La 235/75R17.5 ni karibu sentimita 80. Kwa umbali ule ule tairi dogo linazunguka mara 1.35 ya lile kubwa, linapata joto zaidi, na breki zilizo ndani ya rimu ndogo nazo zina nafasi finyu ya kupumua. Tairi hilo dogo lenye namba ya uzito 143/141 linabeba kilo 2,575 likiwa pacha, kwa hiyo matairi 12 yanabeba tani 30.9. Inatosha kwa tani 23.2 zako, lakini tairi moja likipungua upepo, pacha wake anabeba kwa wawili. Kagua upepo kwa kipimo. Kugonga tairi kwa nyundo hakutakuonyesha tofauti ndogo.

Mhimili

Nimeelewa, mkuu. La mwisho: kufunga. Boila ni ndefu kwenda juu na ninaogopa kona.

Kingpini

Kanuni za Marekani na za Ulaya zinakubaliana kwenye nguvu ya kukinga mbele: ufungaji uweze kuzuia nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo ikielekea mbele, na asilimia 50 ikielekea kando na nyuma. Kwa tani 26, mbele ni kama tani 21. Usiitegemee minyororo peke yake kwa hilo. Ngazi ya tela ikuzuie mbele, ukiweka mbao ngumu kati ya boila na chuma ili nguvu isambae. Minyororo ivute chini na kando, jozi zikipingana, ikishikwa kwenye mihimili ya kubebea boila au sehemu alizozitaja mtengenezaji. Isipite juu ya mabomba.

Kanuni ya Marekani inataka pia jumla ya uwezo wa kazi wa vifungio isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Kwako ni tani 13. Mimi ningevuka hapo, kwa sababu mzigo wa kimo kirefu unataka kuanguka kabla ya kuteleza, na mnyororo uliofungwa chini karibu na kitanda hauzuii kuanguka kama ule ulioshika juu zaidi na kushuka kwa mshazari.

Kwenye kona, kitovu chako kitakuwa juu hata baada ya kitanda kushuka. Ingia polepole, usisubiri kufunga breki ukiwa ndani ya kona. Simama ndani ya kilomita 80 za kwanza ukaze minyororo upya, kwa sababu mbao zinabanwa na kila kitu kinalegea kidogo. Baada ya hapo kagua kila kilomita 240 au kila saa 3, lolote litakalotangulia.